Maua ya Msimu Mmoja: Maisha ya Joy Adamson, Mchoraji wa Nyika

Utangulizi

Anayetoka Eldoret kuelekea mashariki hufika Iten, na hapo ardhi humkatikia miguuni. Chini yake limelala Bonde la Kerio, kavu, lenye migunga na vichaka vya miiba, tofauti kabisa na mashamba ya mahindi na ngano aliyoyaacha nyuma katika uwanda wa Uasin Gishu. Akisimama ukingoni mwezi wa Februari, ataona nchi ya kahawia isiyo na dalili ya ua. Akirejea majuma machache baada ya mvua za masika, atadhani ameletwa mahali pengine. Udongo uliokuwa mtupu umevishwa rangi ya manjano, nyeupe na zambarau. Mimea iliyofanya kazi hiyo ni ile ya msimu mmoja. Huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa kabla ya kiangazi kurudi.

Mmojawapo wa mimea ya aina hiyo ni mbigili. Wanafunzi wa Kiswahili wanaufahamu mbigili kwa miiba yake, kwani neno hili limezoeleka vinywani na vitabuni kama ishara ya adha na njia ngumu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya mwiba huo kuwapo, palikuwapo ua: ua dogo la manjano lenye petali tano, linalofunguka asubuhi na kujifunga jua linapokuwa kali. Lugha imelipa jina tunda linalochoma, na ua lenyewe ikalipita.

Makala haya yanahusu maisha ya mtu ambaye hakuyapita maua ya namna hiyo. Joy Adamson anajulikana duniani kote kwa sababu ya simba jike aliyeitwa Elsa. Hata hivyo, kwa takriban miaka ishirini kabla ya umaarufu huo, alikuwa mchoraji wa mimea ya mwituni ya nchi hii. Kazi hiyo ndiyo tunayokusudia kuiangazia hapa. Tutaisimulia pamoja na upande wa pili wa maisha yake, ambao si wa kupendeza, kwa kuwa wasifu unaosifu tu ni nusu ya wasifu.

Kuzaliwa na Malezi

Alizaliwa tarehe 20 Januari, 1910, katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Mji huo leo unaitwa Opava, nao umo katika Jamhuri ya Cheki. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friederike Viktoria Gessner. Alikuwa binti wa pili miongoni mwa mabinti watatu katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa mbunifu wa majengo, na jamaa za mama yake walimiliki kiwanda cha karatasi mashambani. Huko ndiko alikozoea misitu na mito tangu utotoni.

Raha hiyo haikudumu. Milki aliyozaliwa ndani yake ilisambaratika mwaka 1918 baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na baadaye wazazi wake wakatengana. Binti huyo akahamia Vienna kwa bibi yake. Katika mji huo alijaribu mambo mengi. Alisomea piano, akajifunza ushonaji na uchongaji wa sanamu, akafikiria hata kusomea udaktari. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyomshika. Ukimtazama katika umri wa miaka 25, ungemwona kama mtu mwenye vipaji vingi asiyejua avipeleke wapi.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarvill, mfanyabiashara wa Vienna aliyekuwa na asili ya Kiyahudi. Wakati huo utawala wa Hitler ulikuwa umekwisha kushika nguvu Ujerumani, na kivuli chake kilikuwa kinaifikia Austria. Mume alitaka watafute makao mbali na Ulaya. Kwa hiyo mwaka 1937 mkewe alisafiri kuja Kenya kuangalia kama nchi hii ingewafaa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi 1938, Ujerumani iliimeza Austria. Hofu ya Klarvill ilikuwa imethibitika, lakini ndoa yao ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Kuingia Katika Kazi ya Maua

Ndani ya meli iliyomleta Kenya, mwanamke huyu alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Waliooana ni hao, mwaka 1938. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, ambalo maana yake ni furaha, na jina hilo likamfunika lile la kuzaliwa hadi kifo chake. Bally aliajiriwa katika Makavazi ya Coryndon jijini Nairobi, ambayo sasa ni Makavazi ya Taifa, kama mtaalamu wa mimea. Alikuwa na hamu kubwa ya kujua mimea ambayo wenyeji waliitumia kama dawa na ile iliyokuwa na sumu.

Safari za kikazi za mumewe zilimfikisha Joy mahali ambapo wageni wengi hawakufika. Katika vilima vya Chyulu alianza kuyachora maua waliyoyakusanya. Bally alimhimiza aendelee. Kazi ambayo haikuwa imepatikana Vienna, katika piano wala katika udongo wa sanamu, ikapatikana chini ya mti katika nyika ya Kenya, kwa brashi nyembamba na rangi za maji.

Inafaa tueleze kidogo aina ya uchoraji huu, maana si ule wa kupamba ukuta. Mchoraji wa mimea hutumikia sayansi. Huuchora mmea kwa vipimo vyake, huonyesha jinsi jani linavyoshikana na shina, idadi ya petali, mkao wa stameni, umbo la tunda na hata la mbegu. Akikosea idadi ya petali, amechora mmea mwingine. Kwa upande mwingine, sampuli inayokaushwa na kubanwa kati ya karatasi huhifadhi umbo lakini hupoteza rangi. Ua lililokuwa jekundu huweza kugeuka kahawia. Ndiyo maana picha na sampuli huhitajiana. Moja huhifadhi mwili, nyingine huhifadhi sura.

Ugumu wa kazi hii huzidi pale panapohusika mimea ya msimu ya nchi kavu. Mbegu zake hukaa udongoni zikisubiri, pengine kwa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka mvua ya kutosha inyeshe. Manyunyu hayaziamshi, kwa kuwa mbegu inayodanganyika na manyunyu hufa kabla ya kuzaa. Mvua halisi ikija, kila kitu hufanyika kwa haraka. Ua linaweza kufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya adhuhuri. Mchoraji hana budi kuwapo hapo hapo, na rangi zake ziwe tayari, mkono wake usitetemeke. Akichelewa leo, huenda akangoja mpaka mwaka ujao. Joy alikuwa mtu asiye na subira katika mambo mengi, lakini mbele ya ua alikuwa na subira ya ajabu.

Michoro yake ilianza kujulikana. Bi. Muriel Jex-Blake, mlowezi aliyependa sana bustani na maua ya mwituni, aliitumia katika vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, na waandishi wengine wakafuata. Mwaka 1947 Shirika la Kifalme la Kilimo cha Bustani la Uingereza lilimtunuku Medali ya Dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 37. Simba Elsa alikuwa bado hajazaliwa.

Ndoa ya Tatu na Nchi ya Kaskazini

Kabla ya medali hiyo, maisha yake ya nyumbani yalikuwa yamebadilika tena. Mwishoni mwa mwaka 1942, katika safari ya Garissa, Joy alikutana na George Adamson, bwana nyama wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. George alizaliwa India mwaka 1906, akaja Kenya akiwa kijana na kujaribu kazi nyingi kabla ya kuingia katika idara ya wanyamapori. Joy na Bally walitalikiana, na mwezi wa Januari 1944 Joy akaolewa na George. Makao yao yakawa Isiolo.

Ndoa hii ilimpeleka katika nchi ya ukame hasa. Mume alizunguka kwa ngamia na gari kuwasaka majangili na wanyama waliowadhuru watu. Mke alizunguka naye akiwa na sanduku la rangi. Maua ya miamba, ya mabonde makavu na ya kingo za mito ya msimu yakaingia katika karatasi zake. Aidha alipanda Mlima Kenya na kukaa huko akichora mimea ya nyanda za juu, ambayo usiku huvumilia baridi ya kuganda na mchana jua kali. Kwa jumla michoro yake ya mimea ilifikia mamia.

Kuchora Watu

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi nyingine: kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya kijadi. Hoja iliyotolewa ni kwamba mila hizo zilikuwa zinatoweka. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchi nzima, kutoka pwani hadi Turkana. Matokeo ya kazi hiyo ni mamia ya picha, na mwaka 1967 alichapisha kitabu kiitwacho Peoples of Kenya. Nyingi ya picha hizo zimo mikononi mwa taifa, na anayezuru Makavazi ya Taifa Nairobi anaweza kuona baadhi yake.

Hapa mhakiki anapaswa kusimama na kutafakari. Picha hizo ni hazina. Zinaonyesha ushanga, ngozi, mikuki na vilemba vya manyoya kwa uangalifu ule ule aliojifunza katika maua. Ndipo penye nguvu yake, na ndipo penye udhaifu wake. Mchoraji wa mimea huling'oa ua kutoka mahali lilipoota na kuliweka peke yake katika karatasi nyeupe. Mbinu hiyo haina madhara kwa ua. Kwa binadamu, humtenga na habari zake. Picha nyingi kati ya hizo zilichorwa katika miaka ambayo watu wa Kenya walikuwa wanadai ardhi yao, na mwaka 1952 serikali ile ile iliyomwajiri Joy ilitangaza hali ya hatari. Mtazamaji wa leo anaona mapambo kwa ukamilifu. Haoni shamba lililochukuliwa, wala haoni kodi ya kichwa. Kosa hilo si la Joy peke yake, kwani ni la mradi mzima uliotaka kuhifadhi sura za watu huku ukiinyamazia hali yao.

Elsa na Umaarufu

Tarehe 1 Februari, 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam nchini Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alibaki Isiolo na kuitwa Elsa. Joy na George walimlea na baadaye wakamfundisha kuwinda na kuishi porini katika eneo la Meru, jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani. Elsa aliishi huru, akazaa watoto watatu mwishoni mwa mwaka 1959, na akafa mwezi wa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Kitabu cha Joy kuhusu simba huyo, Born Free, kilichapishwa mwaka 1960 na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Filamu ikafuata mwaka 1966. Mapato mengi aliyapeleka katika mfuko wa kuhifadhi wanyamapori. Hapana shaka kwamba kitabu hicho kilibadilisha namna ambavyo watu wengi wa nchi za mbali walimtazama simba. Hata hivyo, tangu hapo ua halikuwa tena na nafasi katika jina la Joy Adamson. Ukiwauliza watu kumi leo, huenda tisa wakamtaja Elsa na mmoja asimtaje yeyote. Medali ya mwaka 1947 imesahauliwa.

Miaka ya Mwisho na Kifo

Joy na George waliishi mbalimbali kwa sehemu kubwa ya miaka yao ya baadaye. George alibaki na simba wake, hatimaye huko Kora. Joy alikuwa na nyumba kando ya Ziwa Naivasha, iitwayo Elsamere, ambayo baada ya kifo chake iligeuzwa kituo cha uhifadhi. Alimlea duma aliyeitwa Pippa, na mwishowe akahamia Shaba, karibu na Isiolo, kumrejesha porini chui aliyemwita Penny.

Waliomjua na walioandika maisha yake wanakubaliana juu ya jambo moja: alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Aligombana na waume zake, na marafiki, na zaidi na wale waliomfanyia kazi, ambao waliajiriwa na kufukuzwa mara kwa mara. Mkono uliotulia juu ya petali haukutulia mbele ya mpishi au mtumishi.

Jioni ya tarehe 3 Januari, 1980, alikutwa amekufa karibu na kambi yake ya Shaba, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 70. Habari za kwanza zilizoenea ulimwenguni zilidai kwamba ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha kwamba majeraha yake yalikuwa ya silaha kali. Mwaka 1981 kijana mmoja aliyewahi kumfanyia kazi alipatikana na hatia ya mauaji hayo. Hakuhukumiwa kifo, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba hakuwa ametimiza umri wa utu uzima wakati wa tukio. Majivu ya Joy yaliwekwa katika Mbuga ya Meru, penye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti, 1989.

Ukweli kwamba dunia iliamini kwanza habari ya simba unastahili kutafakariwa. Hadithi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwanamke wa simba alitarajiwa kufa kwa simba. Binadamu aliyefanya kazi kambini hakuwamo katika hadithi hiyo, na aliingia tu mlango wa mwisho, kwa njia mbaya kabisa. Hakuna hoja ya kuhalalisha mauaji. Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba kimya kile kilichomo katika picha za watu kimo pia katika habari za kifo chake.

Mintarafu ya Majina

Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna la kujifunza hapa. Michoro ya Joy ina majina ya Kilatini, kama ilivyo kawaida ya sayansi. Majina hayo ni ya lazima, kwa kuwa mtaalamu wa Nairobi na wa Uswisi huelewana kwayo. Swali ni je, jina la tatu liko wapi, lile ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi ya Kerio angelitumia kumwonyesha mwenzake ua?

Mara nyingi jina hilo lipo, lakini halijafika katika kamusi. Tutazame mgagani, mmea wa msimu mmoja wenye maua meupe na stameni ndefu, ambao huota baada ya mvua na huuzwa kwa mafungu katika masoko ya Eldoret. Wakalenjin huuita isakiat, Waluo huuita dek, na Wagusii huuita chinsaga. Hakuna anayeununua kwa ajili ya ua lake, lakini kila mnunuzi analijua jani lake. Hiyo ndiyo sababu mmea huo una majina mengi. Watu huuita kile wanachokihitaji, au kile kinachowaumiza, kama mbigili. Kile kinachopendeza tu, kisichoponya, kisicholiwa na kisichochoma, mara nyingi hubaki kuitwa ua, basi. Huko magharibi mwa Marekani, ambako mbigili ulifika kama mgeni na kuwa gugu, watu nao huujua kwa miiba yake inayotoboa magurudumu ya baiskeli.

Yamkini wazee wa Kerio, wachungaji na wakunga wana majina ya maua mengi ambayo sisi tunayapita tukielekea Kabarnet. Majina hayo yanafanana na mbegu zilizo udongoni, isipokuwa kwamba mbegu huweza kungoja mvua, na mzee hawezi. Kazi ya kuyakusanya haihitaji medali. Inahitaji daftari, muda, na heshima kwa anayeulizwa. Aidha inatupasa kuandika jina la aliyetufundisha pamoja na jina la ua, kwa ruhusa yake, ili tusirudie kimya kile tulichokiona.

Hitimisho

Joy Adamson alikuja Kenya akiwa mgeni aliyekuwa akikimbia balaa la Ulaya, akajifunza kuangalia kitu kidogo mpaka akakiona. Kipaji hicho kilituachia mamia ya picha za maua ambayo wengi wetu hatujawahi kuinama kuyatazama. Alishindwa kuwaangalia watu wa karibu yake kwa macho yale yale, na udhaifu huo ni sehemu ya maisha yake kama ilivyo medali yake. Tukizisoma sehemu zote mbili pamoja, tunapata somo lililo kamili zaidi kuliko lile la simba.

Mvua zitakaponyesha tena, anayeshuka kutoka Iten na asimame kando ya barabara asubuhi, kabla jua halijawa kali. Atawaona mbigili wamelala chini na maua yao ya manjano yamefunguka. Miiba itakuja baadaye. Akiwa na mwenyeji karibu, na amwamkie kwanza, kisha amuulize ua lile linaitwaje.